Stu Ungar: Gwiji wa karata aliyeshindwa kuisoma nafsi yake

NOVEMBA 22, 1998, maiti ya mwanamume wa miaka 45 ilipatikana katika chumba cha moteli ya bei nafuu jijini Las Vegas, Marekani. Mfukoni mlikuwa na dola mia chache tu. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, mtu huyo huyo alikuwa ametwaa zawadi ya dola milioni moja na kutawazwa bingwa wa dunia wa mchezo wa poka.

Stuart Errol Ungar alizaliwa Septemba 8, 1953, eneo la Manhattan, jijini New York. Babake alimiliki baa ambamo kamari ilichezwa kichinichini, na hapo ndipo mtoto alipozoeana na karata. Baba alipofariki mwaka wa 1967, kijana aliacha shule na kuigeuza karata kuwa ajira ya kuwakimu mamake na dadake.

Mchezo uliomjengea jina kwanza ulikuwa jin rami, ambao huchezwa na watu wawili. Ungar alikumbuka kila karata iliyotupwa, na kutokana nayo akakisia alichobakisha mwenzake. Aliwalemea wapinzani hata wakakosekana wa kumkabili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alihamia Las Vegas, akaingilia poka.

Mwaka wa 1980 watu 73 walilipa dola 10,000 kila mmoja kushiriki fainali za dunia katika kasino ya Binion's Horseshoe. Wakasalia wawili: Ungar, mwenye umri wa miaka 26, na Doyle Brunson, bingwa wa 1976 na 1977.

Poka ya ana kwa ana haifanani na ile ya meza iliyojaa. Penye watu tisa, mchezaji anaweza kutupa karata mbovu na kusubiri nzuri. Wanapobaki wawili, kila mmoja hulazimika kuweka dau kila karata zinapogawanywa, hivyo anayesubiri huliwa kidogo kidogo. Ree moja, au jozi ndogo, hugeuka silaha. Kwa kuwa mara nyingi hakuna kati yao aliye na karata za maana, anayethubutu kuweka dau kwanza ndiye huondoka na fungu. Kazi ngumu ni kutambua wakati ambapo mpinzani anayejibu ana karata kweli, na wakati anapotishia tu.

Hapo ndipo Ungar alipowazidi wengine. Alishambulia bila kukoma, na aliponusa hatari alirudi nyuma upesi. Katika mgao wa mwisho, Brunson alikuwa na ree na saba, na karata za mezani zikampa jozi mbili. Ungar alishika tano na nne; alihitaji tatu ili akamilishe karata tano zinazofuatana. Hakukimbia, kwa kuwa alijua kwamba akiipata, Brunson angeweka kila kitu. Tatu ikatokea, na Brunson akaingia mzimamzima. Mwaka uliofuata Ungar alihifadhi taji hilo kwa kumshinda Perry Green.

Lakini fedha hazikukaa mkononi mwake. Alichokipata kwenye karata alikipoteza katika mbio za farasi na michezo mingine ya bahati nasibu, na dawa ya kulevya ya kokeni ikammaliza mwili. Katika fainali za 1990 alipatikana hajitambui kwenye sakafu ya chumba chake cha hoteli. Kiti chake kilibaki kitupu huku madau ya lazima yakimega akiba yake, ila akiba ilikuwa nono kiasi kwamba alimaliza wa tisa bila kuwepo.

Mwaka wa 1997 rafiki yake Billy Baxter alimlipia ada. Akiwa amevaa miwani ya buluu ya kuficha pua iliyoharibiwa na dawa, Ungar alipenya kati ya wachezaji 312 hadi akabaki na John Strzemp. Ree na nane za Strzemp zilikuwa zikiongoza ree na nne za Ungar, hadi karata ya mwisho, mbili, ilipompa Ungar mfululizo wa karata tano na taji la tatu.

Mwaka wa 1998 Baxter alijitolea tena kumlipia. Ungar hakuketi mezani. Miezi michache baadaye moyo uliodhoofishwa na miaka ya dawa ulisimama. Mwaka wa 2001 jina lake liliingizwa katika orodha ya magwiji wa poka.

Wahenga walinena kuwa nyani haoni kundule. Ungar aliweza kumsoma yeyote aliyeketi mbele yake, lakini udhaifu uliomwangamiza ulikuwa upande wake wa meza.