Michael Grzimek: kijana aliyehesabu nyumbu

Sisi wa Mutuka tumezoea kusikia habari za Tarangire, lakini leo twende Serengeti.

Michael Grzimek alizaliwa Ujerumani mwaka 1934. Alikuja huku na baba yake, Profesa Bernhard, kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama pundamilia. Kazi yao ilikuwa kuhesabu wanyama na kujua wanaelekea wapi. Wakagundua kwamba nyumbu hufuata nyasi, hawafuati mipaka ya kwenye ramani. Pundamilia hula nyasi ndefu na ngumu, nyumbu hula majani ya chini, swala humalizia machipukizi, na samadi yao hurudi kulisha udongo.

Tarehe 10 Januari 1959 ndege yake iligongana na tumbusi, ikaanguka. Alikuwa na miaka 24 tu. Amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro.

Walihesabu nyumbu kama 99,000. Baadaye walizidi milioni moja! Imekuwaje? Ng'ombe wa wafugaji walichanjwa, na sotoka ikawaacha nyumbu pia. Nyumbu wakaongezeka, wakala nyasi nyingi, moto ukakosa cha kuunguza, miti ikaota. Yaani chanjo ya ng'ombe ikaotesha miti!

Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza (Mwa 2:15). Michael hakuyaona matunda ya kazi yake, ila aliifanya. Wewe je? Kabla hujakata mti au kutupa chupa Ziwa Babati, jiulize: nani mwingine anaishi kwa huu mti, kwa haya maji?