Harriette Chick: Aliyewatoa watoto juani

Harriette Chick alikuwa mtafiti Mwingereza, aliyezaliwa London mwaka 1875. Mwaka 1919 alikwenda Vienna, Austria, mji uliokuwa na njaa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Watoto wengi walikuwa na matege, mifupa laini ikipinda. Baadhi ya madaktari walidhani ni maradhi ya kuambukiza. Chick na wenzake waliwapa watoto wengine mafuta ya ini la samaki, wengine wakawaota jua, mifupa ikapigwa picha za eksirei. Kufikia 1922 ilithibitika kuwa mafuta hayo, au jua, huponya. Alifariki 1977, akiwa na miaka 102. Wazazi tunaofungia watoto ghorofani, tuzinduke: jua haliuzwi dukani.