Mtakatifu Newman na kanisa ndani ya kiwanda cha pombe



Mtakatifu John Henry Newman wengi tunamjua kama msomi. Vitabu vyake si mchezo, hata sisi tuliosoma falsafa vinatutoa jasho. Leo tumwangalie kama padre wa watu wa kawaida.

Alizaliwa London mwaka 1801, akawa kasisi wa Kianglikana mwenye jina kubwa Oxford. Tarehe 9 Oktoba 1845 alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Uamuzi huo ulimgharimu nafasi yake chuoni na marafiki wengi. Mwaka 1847 alipewa upadre Roma, na mwaka uliofuata akaanzisha Uingereza jumuiya ya Oratori ya Mtakatifu Filipo Neri.

Sasa, msomi kama huyo ungetegemea aanzie wapi? Februari 1849, yeye na wenzake walifungua kanisa mtaa wa Alcester, Birmingham, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha pombe kali! Waliofika ni vibarua wa viwandani, wahamiaji maskini kutoka Ireland, na watoto walioajiriwa viwandani wakiwa bado wadogo. Newman aliwaungamisha na kuwafundisha katekisimu. Mwaka huohuo kipindupindu kikalipuka Bilston, mji wa jirani. Akaenda kusaidia kuwahudumia wagonjwa, huku akijua huenda asirudi mzima.

Mwaka 1852 jumuiya ilihamia Edgbaston, pembezoni mwa jiji. Huko ndiko alikoishi hadi alipofariki tarehe 11 Agosti 1890, ingawa Papa Leo XIII alikuwa amemfanya Kardinali mwaka 1879. Siku ya mazishi maelfu ya watu walijipanga barabarani. Lile kanisa kubwa linaloonekana Edgbaston leo? Lilianza kujengwa mwaka 1903, yeye akiwa ameshalala kaburini.

Kwenye falsafa huwa tunauliza: ni nini hasa kinachokifanya kitu kiwe kile kilivyo? Parokia ya Newman ilikuwa hai miaka hamsini kabla ya kanisa hilo, kwa sababu kulikuwa na Misa, kitubio, katekisimu na mtu wa kumtembelea mgonjwa.

Basi kama kigango chenu bado kinasali darasani, usisubiri paa lipigwe bati ndipo uanze kutumika. Jumapili hii muulize katekista: kuna mgonjwa gani hajatembelewa? Nenda kwake.

Mtakatifu John Henry Newman, utuombee.