Hank Gathers na heshima ya mkono wa kushoto

Sisi watu wa pwani twafunzwa tangu utotoni kwamba mkono wa kushoto haumpi mtu kitu wala haupokei cha mtu. Kwa hivyo mimi hustaajabu kila nikikumbuka kwamba hayati Hank Gathers, mmoja wa vijana waliopendwa mno katika mpira wa vikapu wa vyuo vya Marekani, aliagwa kwa mkono huo huo, na mashabiki wake hawajaona heshima iliyo kubwa kuliko hiyo.

Gathers alizaliwa tarehe 11 Februari 1967 mjini Philadelphia, akalelewa katika nyumba za serikali wakaamo watu wa kipato kidogo. Katika shule ya sekondari ya Dobbins alicheza pamoja na sahibu yake, Bo Kimble, na mwaka 1985 wakatwaa ubingwa wa shule za umma za mji huo. Wakaingia pamoja Chuo Kikuu cha Southern California. Mwalimu aliyewachukua alipoachishwa kazi mwaka 1986, wakahama pamoja kwenda Loyola Marymount, chuo kidogo papo hapo Los Angeles.

Huko mwalimu Paul Westhead aliwachezesha mchezo wa mbio usio na pumziko, nao ukamfaa Gathers. Msimu wa 1988-89 aliongoza vyuo vyote vya daraja la kwanza kwa kufunga, wastani wa pointi 32.7 kwa mechi, na pia kwa kudaka mipira inayokosa kikapu, wastani wa 13.7. Kabla yake ni Xavier McDaniel pekee aliyewahi kuyapata yote mawili katika msimu mmoja, mwaka 1985.

Lakini hakuna aliyekamilika. Mchezaji akichezewa vibaya hupewa mtupo huru: husimama mstarini peke yake, asizuiwe na mtu, akatupa. Hilo lilimtaabisha Gathers hata akaacha mkono wake wa kulia, akawa anatupa kwa wa kushoto.

Tarehe 9 Desemba 1989 alianguka akiwa kwenye mstari huo huo. Madaktari wakaona mapigo ya moyo hayaendi sawa, wakampa dawa. Akarudi uwanjani, lakini alihisi dawa yamlegeza, na kipimo kikapunguzwa. Hapo ndipo mimi husita kumlaumu mtu. Kijana wa miaka 22, mchezo wa kulipwa wamngoja mlangoni, ni nani angemwambia keti naye akaketi?

Tarehe 4 Machi 1990, katika uwanja wa chuo chao, walicheza na Portland. Gathers aliruka, akautumbukiza mpira kikapuni, na muda mfupi baadaye akaanguka. Alijaribu kuinuka, asiweze. Siku hiyo hiyo akafariki, umri wake miaka 23. Uchunguzi ulionyesha msuli wa moyo ulikuwa umenenepa kupita kawaida. Wapenzi wa soka watakumbuka kwamba maradhi kama hayo ndiyo yaliyotajwa mwaka 2003, alipoanguka Marc-Vivien Foé wa Kameruni.

Mashindano ya kanda yakavunjwa, Loyola Marymount wakapelekwa katika mashindano ya taifa na msiba wao. Katika kila mechi Kimble, ambaye mkono wake ni wa kulia, alitupa mtupo wake huru wa kwanza kwa mkono wa kushoto, kwa ajili ya mwenziwe. Mechi nne, mitupo minne, na yote iliingia. Waliwashinda New Mexico State 111-92, wakawalaza Michigan, mabingwa watetezi, 149-115, wakawatoa Alabama 62-60. Waliokuja kuwasimamisha, kwa 131-101, ni Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, ambao ndio waliolitwaa kombe mwaka huo.

Mwaka 2020 sanamu ya Gathers ilisimamishwa nje ya uwanja alioangukia, uwanja ambao mashabiki huuita nyumba ya Hank. Mimi lakini naona kumbukumbu yake kubwa ni ile mitupo minne. Kimble angaliweza kumkumbuka kwa ushujaa wake, kwani ulikuwa mwingi. Alichagua jambo lililomshinda rafikiye, akamsaidia kulitimiza. Wazee walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kumbe urafiki huo hauishii kaburini.