Suzuki Chokichi, fundi aliyefuga vipanga ili awasubu kwa shaba

Msikilizaji wetu, sanamu za kale za wanyama kutoka Japani, za tai, tembo, simba na hata kaa, zinagombaniwa minadani Ulaya na Marekani. Leo tunakusimulia habari za mmoja wa waliozitengeneza.

Suzuki Chokichi alizaliwa mwaka 1848, akajifunza kazi ya kusubu shaba. Alipofika umri wa miaka 20 hivi, utawala wa Japani ulibadilika. Mahekalu mengi ya Kibudha yakavunjwa au kunyang'anywa mali. Mwaka 1876 samurai nao wakakatazwa kubeba panga hadharani. Mafundi waliokula kwa kupamba panga na kusubu vyombo vya mahekalu wakabaki hawana mteja.

Soko jipya likawa ng'ambo. Kampuni ya Kiritsu Kosho Kaisha ilianzishwa mwaka 1874 kuuza kazi zao nje, na Suzuki akasimamia upande wa shaba. Kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1878 kilionyeshwa chetezo chake chenye tausi, kirefu kumpita mtu. Leo kiko London, katika Victoria and Albert Museum.

Kazi yenyewe si mchezo. Mnyama hufinyangwa kwanza kwa nta, kila unyoya mahali pake. Nta hufunikwa kwa udongo, udongo huchomwa, nta huyeyuka na kutoka, kisha shaba ya moto humiminwa katika uwazi ule. Shaba isipofika kwenye ncha ya bawa, jasho la miezi limepotea.

Mwaka 1891 kampuni ilifungwa. Aliyemwinua Suzuki ni Hayashi Tadamasa, mfanyabiashara wa sanaa aliyeishi Paris. Alimwagiza vipanga 12 wa kupeleka kwenye maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893. Suzuki akafuga vipanga hai ili awachunguze. Kwetu kipanga ni mwizi wa vifaranga tu, lakini yeye alikaa akimtazama anavyogeuza shingo! Kila mmoja ana mkao wake juu ya kitulio chake, na rangi za manyoya zimetokana na madini yenyewe. Shaba ikichanganywa na dhahabu kidogo, kisha ikachemshwa katika dawa, huwa nyeusi kama kunguru.

Mwaka 1896 aliteuliwa fundi wa nyumba ya kifalme. Alifariki mwaka 1919. Vipanga wake wote 12 wako Japani, na tangu mwaka 2019 wamo katika orodha ya mali za utamaduni zinazolindwa na taifa.