Elisabetta Sirani, Binti Aliyelisha Nyumba ya Baba Yake

Katika mji wa Bologna, nchi ya Italia, mwaka 1638, mchoraji Giovanni Andrea Sirani alijaliwa binti, akamwita Elisabetta. Baba huyo alijifunza kazi kwa Guido Reni, fundi mashuhuri, walakini hakutaka kumfundisha mtoto wake wa kike. Rafiki wa nyumba, bwana Malvasia, ndiye aliyemsihi hata akakubali. Mwaka 1658 binti huyo alikuwa amekwisha kulichorea kanisa la Certosa picha kubwa ya ubatizo wa Bwana Yesu.

Kisha jongo likamshika baba mikononi, asiweze kazi. Elisabetta akailisha nyumba yote kwa brashi yake, na fedha za kazi zikaenda kwa baba. Sisi tufundishao amri ya nne hatujaona wengi walioishika kwa mzigo wa namna hii. Tena aliwafundisha dada zake, Barbara na Anna Maria, na wanawake wengine wa mji.

Kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi mno, watu walinong'ona kwamba picha ni za baba. Hakubishana nao, alichora mbele ya macho ya wageni. Mwaka 1664 Cosimo de' Medici wa Florence alikuja kumtazama. Na jina lake aliliandika hata katika vifungo vya nguo za watu aliowachora.

Binti huyu mtii, mwaka 1659, alimchora Timoclea, mwanamke wa Thebes katika Uyunani. Akida wa jeshi la Alexander alimnajisi, kisha akadai fedha zake. Akamwonyesha kisima, yule akida alipoinama, akamsukuma ndani. Domenichino alikuwa amemchora akiletwa mfungwa mbele ya Alexander. Sirani alimchora pale pale kisimani, naye akida aenda kichwa chini, miguu juu. Twakiri kwamba tusingeitundika upesi picha hii mbele ya wanafunzi wetu. Lakini uso wa mwanamke hauna ghadhabu, umetulia kama wa mtu aliye kazini.

Agosti 1665 alishikwa na maumivu ya tumbo, akafa, umri wake miaka 27. Kijakazi wa nyumba akashitakiwa kwa sumu, ingawa waganga walipoufungua mwili waliona tumbo limetoboka, nasi leo twasikia kwamba huenda ni vidonda tu. Katika daftari yake mwenyewe alikuwa ameandika picha zipatazo 200. Walimzika katika kanisa la San Domenico, kaburini mwa Guido Reni, mwalimu wa baba yake. Baba aliishi hata mwaka 1670.