Papwa Sewgolum: Bingwa wa gofu aliyekabidhiwa kombe lake nje, mvua ikinyesha

Ukisikia neno gofu, pengine akili inakupeleka moja kwa moja kwa wadosi. Kofia nyeupe, gari kubwa, mtu mwingine akibeba mfuko. Sawa, haujakosea sana. Lakini leo hebu mtazame huyo anayebeba mfuko, maana hadithi yetu inaanzia kwake.

Jina lake ni Sewsunker Sewgolum, ila dunia ilimjua kama Papwa. Alizaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka wa 1928, katika familia maskini ya asili ya Kihindi. Shule hakuipata. Akiwa mdogo alienda kutafuta vibarua kwenye viwanja vya gofu vya Wazungu, akiwabebea wachezaji mifuko ya fimbo. Mchezo aliujua kwa macho: anabeba, anatazama, halafu akipata nafasi anajaribu mwenyewe. Hakuna kocha aliyemshika mkono.

Na kwa sababu hakufundishwa na mtu, aliishika fimbo vibaya. Angalau ndivyo vitabu vingesema. Mtu anayetumia mkono wa kulia huweka mkono wa kushoto juu na wa kulia chini. Papwa alifanya kinyume kabisa. Ukijaribu mtindo huo leo uwanjani, kocha yeyote atakurekebisha kabla hujapiga mpira wa pili. Kwake, mpira ulienda pale alipotaka uende.

Mmoja wa watu aliowabebea mifuko alikuwa Graham Wulff, yule mkemia aliyebuni losheni ya Oil of Olay huko huko Durban. Wulff aliona kipaji akaamua kumpeleka Ulaya. Mwaka wa 1959 Papwa akaingia mashindano ya Dutch Open nchini Uholanzi, na unajua nini? Akashinda. Mwaka wa 1960 akashinda tena. Mwaka wa 1964 akaongeza la tatu. Kijana asiyejua kusoma, mwenye mikono iliyogeuka, bingwa mara tatu katika bara la watu.

Sasa tulia kidogo nikueleze kuhusu shindano jingine, kwa sababu bila hilo hutaelewa alichonyimwa.

Mwaka wa 1953, tajiri wa viwanda wa Marekani aitwaye John Jay Hopkins alianzisha Canada Cup mjini Montreal. Wazo lilikuwa rahisi: gofu kwa kawaida ni mchezo wa mtu mmoja mmoja, sasa tuufanye wa mataifa. Kila nchi inatuma wachezaji wawili tu. Mipigo yao inajumlishwa, na nchi yenye mipigo michache zaidi ndiyo inabeba kombe. Hopkins aliamini mataifa yakicheza pamoja yataelewana zaidi. Mara ya kwanza nchi saba zilishiriki, Argentina ikashinda. Mnamo 1967 shindano hilo lilibadilishwa jina likawa World Cup, yaani Kombe la Dunia la gofu.

Ona sasa uzito wa hesabu hiyo. Timu ya kandanda ina watu kumi na mmoja na wengine benchi. Hapa nchi nzima inasimama juu ya mabega ya watu wawili. Ukiwa mmoja wao, wewe ni nusu ya taifa.

Afrika Kusini ilikuwa na wachezaji hatari. Lakini pia ilikuwa na sera ya ubaguzi wa rangi, ambayo ilipanga nani aishi wapi, asome wapi, aketi wapi, na acheze na nani. Papwa alikuwa na ubingwa wa Ulaya mfukoni, ila nyumbani alihitaji kibali cha serikali kucheza kwenye uwanja wa Wazungu.

Januari 1963 aliruhusiwa kucheza Natal Open, katika klabu ya Durban Country Club. Alishindana na Wazungu watupu, wengi wao watu waliokua na makocha, vifaa na viwanja vya kujinoa. Akawashinda wote. Hapo sasa kukazuka swali ambalo waandaaji hawakutaka kulijibu: huyu bingwa tutampa kombe lake wapi? Sherehe hufanyika ndani ya jengo la klabu, na mtu wa rangi yake hakuruhusiwa kukanyaga mle.

Mvua ilikuwa inanyesha. Wazungu wakajikinga ndani. Bingwa akabaki nje, akakabidhiwa kombe lake huku akilowa.

Picha ya tukio hilo ilizunguka dunia. Hata mtu ambaye hakujua gofu ni nini alielewa pale pale kilichokuwa kinaendelea. Wanaharakati waliokuwa wakitaka Afrika Kusini ifungiwe nje ya michezo ya kimataifa walipata ushahidi usiohitaji maelezo. Nchi hiyo ilizuiwa kushiriki Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 1964, na mwaka wa 1970 ikafukuzwa kabisa katika kamati ya Olimpiki.

Papwa hakuwa mwanasiasa. Alichotaka ni kucheza na kulisha familia yake. Mwaka huo huo wa 1963 alienda Uingereza kwenye British Open, mashindano makubwa zaidi ya gofu Ulaya, akamaliza nafasi ya 13.

Kisha ukaja mwaka wa 1965. Hapa ndipo roho inauma.

Mapema mwaka huo Papwa alirudi Natal Open, na safari hii alikuwepo Gary Player, mmoja wa wachezaji bora zaidi duniani wakati ule. Papwa akashinda tena. Miezi michache baadaye Player akashinda U.S. Open, akawa amekamilisha mataji yote manne makubwa ya gofu. Usisahau: huyo ndiye mtu aliyeshindwa na mbeba mifuko wa Durban.

Mwaka huo huo, Canada Cup ikachezwa Madrid, Uhispania. Marekani ilikuja na Jack Nicklaus. Afrika Kusini ilituma Gary Player na Harold Henning. Wawili hao walicheza vizuri sana, wakawapita wenyeji na wengine wote, wakaipa nchi yao kombe. Ushindi wao ulikuwa wa haki uwanjani, hakuna ubishi.

Lakini Papwa, aliyemshinda Player mwaka ule ule kwenye ardhi ya nyumbani, hakuwa katika jozi hiyo. Hakuwa katika jozi ya mwaka wowote. Kwa sheria za nchi yake, nusu ya taifa haikuweza kuwa Mhindi. Haikuweza kuwa Mwafrika pia, na hao ndio waliokuwa wengi nchini. Shindano lililoanzishwa ili mataifa yaelewane lilipokea jozi ya taifa lililokataa kuwatambua watu wake.

Baada ya ushindi huo wa pili serikali ikakaza kamba. Vibali vya kucheza nyumbani vikakatika. Pasipoti ikachukuliwa, na Ulaya ikafungwa. Fikiria uko katika kilele cha kazi yako, unajua unaweza, na kila mlango unaugusa umefungwa kwa kufuli ambayo huna ufunguo wake. Miaka bora ya Papwa iliishia hapo.

Alifariki Julai 1978 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na umri wa miaka 49, bado maskini. Ubaguzi wa rangi ulidumu miaka mingine 16 kabla ya uchaguzi wa 1994.

Leo Durban ina uwanja wa gofu wenye jina lake, kando ya mto Umgeni. Afrika Kusini nayo ilishinda tena Kombe la Dunia mwaka wa 2001, kupitia Ernie Els na Retief Goosen. Lakini hakuna kombe la kumrudishia mtu miaka yake.

Huenda gofu haikuhusu. Sawa. Ila utakapoona timu imevaa rangi za taifa, iwe ya gofu, riadha au raga, usihesabu tu waliopo. Uliza pia nani aliachwa langoni, na nani alishika lile lango. Mwaka wa 1963, walioshika lango walikuwa ndani wamekauka, na bingwa alikuwa nje amelowa.